Nyanya haiivi kabla mbegu zake hazijawa tayari

Watu wanaponiuliza kuhusu nyanya, karibu wote huanza na mbegu. Ipi inazaa sana, ipi ina ganda gumu, ipi inafika Dar es Salaam bila kupondeka. Siwalaumu. Mbegu chotara ni ghali na mkulima hataki kubahatisha. Ila biashara hii ya kununua na kuuza nyanya imenionyesha jambo ambalo halijaandikwa kwenye pakiti ya mbegu: nyanya mbili zinaweza kutoka shamba moja, hata mche mmoja, zikafika mezani zikiwa vitu viwili tofauti kabisa, na tofauti hiyo isiwe imetoka kwenye jeni, yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila seli. Jeni ni zile zile. Kilichotofautiana ni zipi zilifunguliwa zifanye kazi, zilifunguliwa lini, na zipi zilifungwa tena baada ya tunda kuchumwa.

Nilianza kununua nyanya Ilula, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapopita katikati ya mashamba. Msimu ukikolea, matenga ya mbao hupangwa kando ya lami, vibarua wanapigilia misumari, na Fuso hupakia jioni ili ziteremke Kitonga usiku na kufika sokoni alfajiri. Kila kitu pale kinakwenda kwa haraka ya gari. Dereva anataka kuondoka, dalali wa Dar anapiga simu, na mkulima anaogopa bei ya kesho. Katika haraka hiyo nyanya nyingi huchumwa zikiwa bado za kijani, kwa sababu ya kijani ni ngumu na haipondeki njiani.

Kuchuma nyanya ya kijani si kosa. Sehemu kubwa ya biashara ya nyanya duniani inategemea jambo hilo. Tatizo ni kwamba zipo nyanya za kijani za aina mbili, na kwa nje zinafanana.

Aliyenionyesha tofauti yake ni mama mmoja mkulima, makamo ya mama yangu mzazi. Siku hiyo alikuwa amewazuia vibarua wasichume mstari mmoja wa shamba lake, na dereva tuliyekuwa naye alishaanza kununa. "Mama, hizi kubwa hivi zitaivia njiani," akamwambia. Mama hakubishana. Alichuma moja, akaifuta kwenye kitenge, akatoa kisu kidogo cha kumenyea viazi na kuikata katikati kwa mkato mmoja. "Angalia mbegu, mwanangu." Mbegu zilikuwa nyeupe na laini, na kisu kilikuwa kimezipasua. Akachuma nyingine kutoka mstari wa pili, ya kijani vilevile, ukubwa ule ule, akaikata. Humo vyumba vya mbegu vilikuwa vimejaa ute, na kisu kilipopita mbegu ziliteleza pembeni. Hakuna hata moja iliyokatika. "Hii ibebeni. Ile mkiibeba itageuka rangi tu, haitakuwa nyanya."

Mtihani ule wa kisu unatumika sehemu nyingi duniani na wataalamu wanaufundisha. Mimi niliujulia pale, na nimeutumia tangu siku hiyo kila ninapokagua shamba kabla ya kutoa fedha. Zile zinazochumwa kabla ya wakati hujitambulisha zenyewe baadaye: hukaa kijani muda mrefu, kisha hugeuka rangi ya chungwa iliyofifia, hunywea kwenye mabega, na ukizionja unapata maji na uchachu kidogo. Muuza genge anajua. Huziweka chini ya fungu.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Morogoro kusoma kilimo cha bustani, na huko ndiko nilikoelewa mbegu zinahusianaje na ladha ya nyama inayozizunguka.

Ua likishachavushwa, seli za tunda changa hugawanyika kwa wiki moja hadi mbili hivi, kisha huacha kugawanyika na kuanza kutanuka. Hapo ndipo nyanya inapopata karibu ukubwa wake wote. Ikifika siku 35 hadi 40, kutegemea aina na hali ya hewa, tunda limeshakua lakini bado ni la kijani. Jeni zote za kuleta wekundu, harufu, sukari na ulaini zimo ndani ya kila seli tangu siku ya kwanza, na bado hazifanyi kazi. Mmea una sababu nzuri ya kuzizuia. Tunda jekundu linamwita ndege na mnyama aje alile. Likiliwa kabla mbegu hazijapevuka, mmea umejisumbua bure.

Kizuizi hicho hakikuandikwa kwenye jeni zenyewe, kimewekwa juu yake. Kemikali ndogo iitwayo methili hubandikwa kwenye herufi C za DNA, ule uzi ambao jeni zimeandikwa kwa herufi nne, hasa sehemu ya mbele ya jeni ambako usomaji unaanzia. Jeni yenye methili nyingi mahali hapo kwa kawaida haisomwi, yaani haifanyi kazi, ingawa hakuna herufi yake hata moja iliyobadilishwa. Ni kama duka la Kariakoo siku ya Idi: mali yote imo ndani, mlango umefungwa. Pamoja na hilo kuna protini ziitwazo histoni, ambazo uzi wa DNA umezizunguka. Nazo hubandikwa alama zake, na alama mojawapo huwekwa kwenye jeni za kuivisha ili zinyamaze mpaka wakati wake. Elimu ya mambo haya yote ndiyo inayoitwa epijenetiki.

Jaribio lililonigusa kuliko yote lilichapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Taasisi ya Boyce Thompson, mjini Ithaca, Marekani, wakiongozwa na James Giovannoni. Walichukua nyanya changa zikiwa bado kwenye mche na kuzidunga sindano ya dawa inayozuia methili isibandikwe. Nyanya hizo zilianza kuiva kabla ya wakati wake, tena zilianza kuwa nyekundu pale pale dawa ilipoingia, sehemu nyingine zikiwa bado za kijani. Na mbegu ndani yake zilikuwa hazijawa tayari. Kwa hiyo kilichokuwa kinalizuia tunda kwa siku zote zile ni methili. Ukiiondoa kwa nguvu, tunda linasahau kuzisubiri mbegu.

Watafiti hao hao walipima methili kwenye DNA ya nyanya tangu changa mpaka nyekundu, wakakuta maeneo 52,095 ambayo kiwango chake hubadilika tunda linapokua. Ukiyajumlisha ni karibu asilimia 1 tu ya DNA yote ya nyanya. Lakini mengi ya yale yanayohusu kuiva yalikuwa mbele ya jeni za kuivisha, mahali ambapo protini iitwayo RIN, mmoja wa wasimamizi wakuu wa kuiva, hujishikiza. Nikamkumbuka yule mama na kisu chake. Mbegu zinapoteleza ndani ya ute, tunda limefika karibu na mahali ambapo methili inaanza kuondolewa. Mbegu zinapokatika, bado.

Kuondolewa kwenyewe si jambo la kubahatisha. Nyanya ina kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kemikali ndani ya seli, kiitwacho DML2, na kazi yake ni kuzibandua methili. Mwaka 2015 kundi la watafiti, wakiwemo wa Bordeaux, Ufaransa, lilionyesha kwamba kimeng'enya hicho kikizimwa nyanya haiivi ipasavyo: inachelewa sana, na rangi haikamiliki. Mkulima anaweza kumwagilia vizuri, kuweka mbolea vizuri na kupiga dawa kwa wakati, lakini kazi ya DML2 inafanyika ndani ya tunda kwa ratiba ya tunda lenyewe. Sisi tunachoweza ni kuiheshimu ratiba hiyo au kuikatiza.

Hapa niseme kuhusu dawa za kuivisha, maana wafanyabiashara wenzangu wengi wanaamini gesi inatibu kila kitu. Ni kweli nyanya huiva kwa gesi iitwayo ethilini, inayotolewa na tunda lenyewe, na ndiyo sababu ukivundika nyanya pamoja na ndizi mbivu zinaiva haraka. Lakini ethilini ni amri, na amri inahitaji jeni zilizo wazi kuipokea. Mfano ulio wazi ni nyanya iitwayo Cnr, iliyopatikana Uingereza kati ya nyanya za biashara za kawaida. Tunda lake halipati wekundu, ganda hubaki la manjano, nyama yake ni kavu na ya ungaunga, na hata ukiipa ethilini haiivi. Mwaka 2006 mtafiti Graham Seymour na wenzake walichapisha sababu yake: walipolinganisha jeni husika na ya nyanya ya kawaida, herufi zilikuwa zile zile, ila mbele yake kulikuwa na methili nyingi zisizotakiwa kuwepo. Na hali hiyo inarithiwa, kizazi hadi kizazi, ingawa kwa nadra sana huonekana tunda la Cnr lenye kipande kimoja kilichoiva vizuri, pale alama zilipoachia. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ukiivunja jeni hiyo peke yake madhara yake ni madogo kuliko ilivyodhaniwa, kwa hiyo mambo ndani ya Cnr ni mazito kuliko jeni moja. Lakini hoja ya ethilini inabaki. Nyanya iliyochumwa ikiwa changa mno, ukiipulizia dawa, utanunua rangi.

Sasa nije kwenye baridi, kwa sababu ndiko nilikopotezewa fedha.

Kwa muda nilikuwa nikipeleka nyanya kwenye hoteli moja kubwa ya Dar es Salaam. Zilikuwa nyanya nzuri, zimechumwa zikianza kugeuka rangi, zimechaguliwa moja moja. Baada ya wiki chache mpishi mkuu akaanza kulalamika kwamba hazina ladha, na ofisi ya manunuzi ikataka kupunguza bei. Siku hiyo hiyo, mzigo ule ule, nilikuwa nimemwachia dada mmoja mwenye genge Sinza, na wateja wake walikuwa wanarudi kuziulizia. Niliomba kuonyeshwa zinakohifadhiwa. Zilikuwa kwenye chumba cha baridi pamoja na maziwa na siagi, na oda ya wiki nzima ilikuwa inakaa humo. Nilieleza nilichokuwa nakifahamu wakati ule, kwamba nyanya inaumizwa na baridi. Jibu lilikuwa kwamba utaratibu wa jiko hauwezi kubadilishwa kwa ajili ya nyanya. Mkataba ukaisha hivyo.

Mwaka 2016 ukatoka utafiti ambao ningetamani ningekuwa nao mkononi siku ile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, wakiwemo Denise Tieman na Harry Klee, wakishirikiana na Giovannoni, waliweka nyanya zilizoiva kwenye nyuzi 5 za Selsiasi kwa siku 7, kisha wakazirudisha kwenye joto la kawaida. Sukari na asidi hazikubadilika kiasi cha kutajwa. Kilichoporomoka ni harufu, zile kemikali nyepesi zinazopanda puani unapotafuna, na bila hizo ulimi unapata utamu na uchachu tu. Walioonjeshwa walizipenda kidogo kuliko nyanya ambazo hazikupita kwenye baridi. Walipochungulia ndani ya seli walikuta kimeng'enya DML2 kimepungua kwenye baridi, methili zimeongezeka mbele ya jeni kadhaa zinazohusika na harufu na kuiva, na jeni hizo zimenyamaza. Nyanya ilikuwa imeiva tayari, ikafungiwa tena. Iliporudi kwenye joto baadhi ya alama hizo zilipungua, lakini harufu haikurudi yote.

Nimelifanya jambo hili nyumbani mara nyingi, na namwomba kila msomaji alifanye, halina gharama. Chukua nyanya za kishada kimoja zilizoiva sawasawa. Nusu ziweke kwenye friji, nusu kwenye ungo juu ya kabati, mahali penye kivuli na hewa. Baada ya wiki zitoe za friji, ziache baridi yake iishe mpaka zilingane joto na nyingine, kisha zikate zote na chumvi kidogo. Kwa macho, za friji zitakuwa ndizo nzuri: ganda limebana, halijanywea. Za kwenye ungo zitakuwa zimelainika kidogo. Kisha mpe mtu azionje bila kumwambia ipi ni ipi. Mama mkwe wangu, ambaye amepika kachumbari maisha yake yote, alinusa tu, akazisogeza za friji pembeni.

Wengine husema ladha ya nyanya za zamani imepotea kwa sababu ya mbegu za kisasa. Kuna ukweli ndani yake. Nyanya nyingi zinazokaa muda mrefu bila kuoza zina nakala moja ya jeni ya RIN iliyoharibika, na muda unaoongezeka sokoni hulipiwa kwa rangi na harufu. Lakini nimekula Tanya na Tengeru 97 zilizoachwa mpaka zikaanza kugeuka kwenye mche, na hazikuwa na upungufu wowote. Aina hizo hizo nimezikuta sokoni zikiwa kama karatasi. Kabla ya kuilaumu mbegu, ulizeni ilichumwa siku gani na ililala wapi.

Nisieleweke kwamba methili kupungua ndiyo kanuni ya kila tunda. Stroberi inafanana na nyanya kwa hilo. Machungwa ni kinyume chake: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta methili inaongezeka chungwa linapoiva, na ongezeko hilo ndilo linalosaidia kuzima jeni za ujana wake. Nililisoma hilo nikafikiria machungwa ya Muheza, yanayokuwa matamu ganda likiwa bado la kijani kwa sababu usiku wa kule si wa baridi ya kutosha kuuondoa ukijani. Rangi ya ganda ina mambo yake na nyama ina yake. Anayeuza machungwa asichukue ushauri wa muuza nyanya.

Kilichobadilika kwenye kazi yangu ni kwamba siku hizi ninalipa kwa daraja. Nyanya iliyopita mtihani wa kisu ina bei yake, na iliyoanza kugeuka rangi sehemu ya chini ina bei ya juu zaidi, kwa sababu hiyo imeshafunguliwa na itaendelea kuiva vizuri hata njiani. Changa siichukui, hata dereva aseme nini. Wakulima wengine walinikasirikia mwanzoni, na nawaelewa: anayechuma mapema mara nyingi ana deni la pembejeo, au ameona jirani yake akiibiwa usiku, au amesikia kwamba matenga kutoka mkoa mwingine yanaingia sokoni kesho. Mkulima hachumi changa kwa ujinga. Anachuma kwa sababu mnunuzi anampa bei ile ile kwa changa na kwa pevu, na lawama hiyo ni yetu wanunuzi kwanza. Tukilipa tofauti, kisu kitafanya kazi yake shambani bila mtu wa mjini kuja kuhubiri.

Kwenye kikao kimoja Ilula kijana mmoja aliniuliza swali zuri: kama baridi inaandika alama juu ya jeni, je, mbegu za nyanya iliyokaa kwenye friji zitazaa nyanya zisizo na ladha? Nilimjibu kwamba alama zilizoonekana kwenye utafiti ule ziko kwenye nyama ya tunda, na nyama ya tunda haizai. Inaliwa au inaoza, na tunda la msimu ujao litaandikwa upya kuanzia ua lake. Cnr ni habari nyingine, kwa sababu alama zake zinapita kwenye mbegu yenyewe. Ndiyo maana anayetunza mbegu za kienyeji achague mche ambao matunda yake yameiva vizuri, asichukue mbegu kwenye lile lililobaki la manjano huku wenzake wamekwisha kuiva. Akauliza tena kuhusu nyanya zinazopigwa na baridi zikiwa bado shambani mwezi wa sita na wa saba, maana Iringa usiku wa miezi hiyo ni mkali. Tumekubaliana kundi lao litenge mistari michache msimu huu, ichumwe ikiwa imeanza kugeuka, na mizigo ya asubuhi za baridi kali tuiuze kwa alama yake tuone wateja wa genge wanasemaje.

Hoteli ninazopelekea sasa ni ndogo, na sharti langu kwao ni moja: waagize kidogo kila baada ya siku mbili au tatu, na nyanya zikae nje ya friji mpaka zikatwe. Jiko likiwa la joto sana wanazo sehemu za nyuzi 13 au 14, panapowekwa ndizi na maembe. Wapishi wawili wameshaanza kuuliza nyanya zimechumwa lini kabla hawajauliza bei.